Ndama wa Nyasi

Katika mji mzima wa Garissa, mtu wa mwisho kujua ninaumwa nini nilikuwa mimi. Dereva wa tuktuk alijua. Mama anayeniuzia mkaa alijua, ndiyo maana alianza kunijazia debe hadi juu bila ugomvi. Mimi mwenye shingo, mwenye jasho, mwenye mishipa ya kudungwa, nilikuwa nimepewa hadithi ya kunyamazishia watoto.

Naandika sasa kwa sababu mkono umeacha kutetemeka. Tena najua uko wewe mahali fulani, umekaa kwenye benchi la hospitali, binti yako anaongea Kizungu na daktari, na wewe unatazama midomo yao. Mimi nimesoma ngumbaru tu, na sikumaliza. Kiswahili nilikipata sokoni nikiuza maziwa ya ngamia. Basi ukikuta neno limekaa vibaya, liache likae, limechoka kama mimi.

Ilianza wakati wa jilaal, kile kiangazi kirefu cha kabla ya mvua kubwa. Kitu kilitokea chini ya sikio langu, kidogo kama punje ya tasbihi. Kikawa kokwa ya tende. Kikawa tende yenyewe, na wenzake wawili wakaja kukaa naye. Hakikuuma, na hilo ndilo lililonitia shaka, maana kitu kinachokuja mwilini mwako bila kubisha hodi hakina nia njema. Jasho la usingizini likaanza. Kila asubuhi nilianika godoro uani kama mama mwenye mtoto kikojozi, na majirani wakipita nawaambia, nimemwaga maji. Bangili yangu ya fedha, ambayo siku ya harusi ilinipita mkononi kwa sabuni, ikawa inatelemka yenyewe.

Mwanangu Bishar ndiye aliyenipeleka hospitali. Bishar ni kifungua mimba wangu, anafanya biashara ya mifugo. Wakanikata kipande cha ule uvimbe, wakakitia kwenye chupa, wakakipeleka Nairobi. Tukangoja. Mvua za gu zikaja, mto Tana ukajaa hadi mashambani, zikapungua, bado tunangoja.

Siku moja narudi nyumbani kutoka kwa jirani nikakuta viatu mlangoni. Viatu vya Bishar, vya ndugu zake, vya mabinti zangu, hata vya shemeji ambaye haji kwetu pasipo msiba. Kulikuwa na maneno ndani. Nilipoweka mguu kizingitini, maneno yakakatika kama uzi.

"Mmekuja kunizika?" nikauliza.

Wakacheka wote kwa pamoja. Watu wanaocheka kweli hawaanzi kwa pamoja.

"Hooyo," akasema Bishar, maana kwetu mama ni hooyo, "majibu yamekuja. Ni TB ya tezi. Si ile ya kukohoa. Haiambukizi mtu."

"Alhamdulillahi," nikasema, na nikamtazama machoni. Akatazama zulia.

Nikuambie jambo moja kuhusu watu wanaouza mifugo huku kwetu. Wakipatana bei hawataji kwa mdomo. Wanashikana mikono chini ya shuka, wanazungumza kwa vidole, ili aliyesimama kando asijue chochote. Siku ile niliona wanangu wote mikono yao iko chini ya shuka, na mimi ndiye ngamia anayeuzwa.

Marehemu mume wangu alikuwa na TB. Naijua. Ni vidonge, vidonge, vidonge, miezi na miezi, na mkojo mwekundu kama chai ya rangi kila siku ya Mungu. Nikamwuliza Bishar, "Vyangu viko wapi vidonge?"

"Yako ni ya sindano, hooyo. Mambo yameendelea."

"Yameendelea lini, na mimi nilikuwa wapi?"

Akaenda kutazama kama gari limefungwa.

Sindano ya kwanza ilikuwa wakati wa hagaa, pepo zinapovuma na mchanga unaingia hadi kwenye chumvi. Nilisindikizwa na Hodan, mtoto wa binti yangu, aliyekuwa amemaliza chuo anangoja kazi. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Daktari alikuwa anatelemsha maneno marefu kama kamba ya kisima, na Hodan ananivutia ndoo tupu.

"Amesema nini?"

"Amesema unaendelea vizuri, ayeeyo." Ayeeyo ni bibi.

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Kizungu kinazunguka sana."

Wakatuingiza katika chumba cha viti vikubwa vya kulalia, kila kiti na mti wake wa chuma wa kutundikia dripu. Nikaangalia wenzangu. Kina mama wamejifunga vitambaa hadi kwenye nyusi, wanaume wamevaa kofia za sufu. Garissa. Kofia za sufu. Nikajiambia, hawa watu wanaficha vichwa, kwa nini wanaficha vichwa?

Muuguzi alikuwa Sista Mwende, msichana wa Kitui mwenye mikono myepesi. Alikuja na dawa nyekundu kama juisi ya ukwaju iliyotiwa rangi.

"Hii ni ya nini?" nikamwuliza.

Kabla hajanijibu alimtazama Hodan. Kidogo tu, kama mtu anayeangalia njia kabla ya kuvuka. "Ya kukusaidia, mama," akasema.

Ndipo Hodan akatoa simu. "Ayeeyo, hapa tutakaa sana. Nikupeleke safari." Akanitia waya za simu masikioni, zikaanza kunisomea Qur'ani, na kwenye kioo ikatokea bahari.

Sikuwa nimeona bahari. Naona aibu kusema, maana Lamu si mbali na kwetu, lakini mtu wa ngamia ana shughuli gani na maji ya chumvi? Hii ilikuwa bahari ya Salala, nchi ya Omani. Mawimbi yalikuwa makubwa na machafu, yanapiga mchanga mweupe kama mtu anayefukuza deni. Hodan akagusa, ikaja kamera nyingine, iko juu ya mlima. Mlima wa kijani kitupu unakatika ghafla na kutumbukia baharini, na ukungu unapanda kutoka majini, unameza barabara, unameza gari, halafu unalitema gari upande wa pili taa zikiwaka. Kamera ya tatu ilikuwa chini ya mlima, kwenye uwanda, panapo birika la maji kando ya barabara. Na hapo, wallahi, ngamia.

"Nani ameweka hizi kamera?" nikauliza.

"Watu wa huko. Ili watalii waone."

"Mtu anaweka jicho juu ya nguzo, anaonyesha dunia nzima mlima wake na ngamia wa wenyewe, halafu haombi kitu. Anataka nini?"

"Hataki kitu, ayeeyo. Ni laivu tu."

"Laivu ni nini?"

"Sasa hivi. Unavyoona, ndivyo ilivyo huko sasa hivi."

"Nani amekuambia?"

"Imeandikwa hapa juu."

"Hata kwenye paketi ya dukani imeandikwa maziwa."

Sisi watu wa huku tunajua kutazamwa. Tumetolewa kwenye mabasi na askari, tumepangwa mstari na vitambulisho mkononi tangu nikiwa msichana. Kwa hiyo jicho juu ya nguzo sikulipenda. Nikasema hii ni sinema ya mwaka jana, na mjukuu wangu ama amedanganywa ama ananidanganya.

Lakini mchungaji humpimi kwa maandishi, unampa mnyama. Kati ya ngamia wale palikuwa na jike mweupe, sikio la kushoto limechanika. Tumbo limeshuka, kiwele kimeanza kujaa, na dume akipita karibu anainua mkia kumwambia, pita, nina mzigo wa mwenzio. Nikampa jina Bilan. Nikamwambia Hodan, "Huyu atazaa kabla ya sindano yangu ya tatu. Akizaa, kamera yako ni ya kweli. Asipozaa, ni sinema, na wewe mwongo."

Hodan alicheka, lakini kicheko kilimkwama katikati.

Kesho yake mkojo wangu ulikuwa mwekundu. Hodan akaja mbio, "Umeona, ayeeyo? Kama wa babu." Alifurahi kupita kiasi kwa ajili ya mkojo wa mtu mwingine. Siku iliyofuata ukawa mweupe kama kawaida. Nikawaza, ya mume wangu ilimkojoza damu ya chai miezi mizima, yangu imechoka kwa siku moja. Niliweka shaka yangu mahali pamoja na zile nyingine.

Mwili ukaanza kunihama. Chai ikawa na ladha ya msumari. Nyama, ambayo nimeila tangu nimeota meno, ikaninukia kama ngozi mbichi. Siku moja nainuka kutoka sijda nikakuta nywele zangu kwenye msala, shungi zima, rangi ya hina, kama mnyama mdogo amelala pale nilipoweka kichwa. Nikazikusanya nikazifukia uani. Nikajifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, na hapo nikaelewa wale wenzangu walikuwa wanaficha nini. Lakini kwa nini, sikuelewa. Mume wangu alikufa na nywele zake zote.

Na nyumbani palikuwa pameharibika kwa upole. Mke wa Bishar, ambaye tumegombania chumvi ya mchuzi tangu aolewe, akaanza kuniuliza, "Imetosha, hooyo? Niongeze?" Wajukuu walikuwa wanapunguza sauti ya televisheni kabla sijasema. Nikisema jua linachomoza magharibi, wanaitikia ndiyo. Mwanamke wa umri wangu akianza kukubaliwa kila kitu, ajue kaburi linachimbwa mahali.

Sindano ya pili nikagundua jambo. Nilitoa waya sikio moja kujikuna, halafu nikamwuliza Hodan, "Hizi kamera zina sauti?"

"Hapana, ayeeyo. Ni picha tu."

"Bahari haina sauti, mlima hauna sauti, ngamia hana sauti. Sasa mimi nimefungwa waya za nini?"

"Qur'ani inatuliza moyo."

Hapo alinipata. Msichana mwerevu, alijua sitaondoa maneno ya Mungu masikioni ili nimsikilize binadamu. Nikarudisha waya. Lakini nilianza kuangalia midomo chumbani. Watu walikuwa wanaongea. Kiti kwa kiti, wanaulizana mambo, wanainua vidole kuhesabu, mmoja anacheka, mwingine anafuta macho. Chumba kizima kilikuwa soko, na mimi peke yangu nimefungiwa Salala.

Nyumbani nilimtafuta Bilan kila baada ya alasiri. Hodan ananiwekea bando, tunakaa mkekani, tunangoja ukungu upungue. Aliniuliza kwa nini ngamia hawapandi mlimani kwenye majani yote yale. Nikamwambia ngamia na tope ni maadui, akiteleza anapasuka msamba, wenyewe wamewashusha hadi ardhi ikauke. Basi siku moja tukafungua, na kando ya Bilan palikuwa na kitu chenye miguu mirefu kuliko akili yake, kinaanguka, kinasimama, kinatafuta kiwele upande usio wenyewe.

Hodan akapiga makofi. "Umeona? Ni laivu."

Nikakubali. Simu ilikuwa inasema kweli. Maana yake mwongo alikuwa mtu mwingine.

Sindano ya tatu mtandao ukaanguka. Mji mzima. Qur'ani ikakatika, Salala ikaganda, Hodan akatoka nje kutafuta njia. Hakuwa amefika hata mlangoni, mama wa kiti cha pili akanigeukia. Alikuwa Mpokomo wa kando ya mto, Mama Komora, mkulima wa ndizi.

"Leo wamekufungulia," akasema. "Nilidhani wewe ni bubu. Ngamia zenu ziliingia shamba langu mwaka ule."

"Ndizi zako zilisimama kwenye njia ya ngamia kwenda majini."

"Ndizi zimesimama na ngamia zimetembea, halafu ndizi ndiyo yenye makosa."

Tukacheka hadi dripu zikayumba. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunibishia tangu mvua za gu. Ningeweza kumbusu.

"Wewe una ya wapi?" akaniuliza.

"Ya shingo."

"Mimi ya titi. Walilitoa lote, nikaambiwa afadhali kifua kitupu kuliko nyumba tupu. Yako imefika hatua gani?"

"Hatua gani ya nini?"

Akanitazama. Akavuta leso yake mabegani pole pole, kama mtu aliyegundua amekaa kwenye kitanda cha wenyewe. "Mama, wewe umeambiwa unaumwa nini?"

"TB ya tezi."

Mama Komora akatazama ule mti wa dripu, akatazama dawa nyekundu, akatazama kitambaa changu. "Basi ni TB," akasema. "Mungu akuponye." Kudanganya hakukujua hata kidogo.

Hodan aliporudi nilikuwa nimejirudishia waya masikioni, na hazikuwa zinasema kitu. Sikumwuliza. Nilitaka waje wenyewe. Nimewazaa, nimewanyonyesha kiangazi na masika. Nilitaka mmoja wao, hata mmoja, atoe mkono chini ya shuka.

Hakuja mtu. Basi nikafanya yangu. Niliposema nakwenda kumsalimia jirani, nilikwenda kwa sheikh na mashahidi wawili nikasema wasia wangu: ngamia wangu walioko malishoni Balambala wagawanywe vipi, bangili apewe nani. Nilinunua sanda sokoni, kwa mtu asiyenijua, nikaifunga katikati ya nguo za Idi. Nilipita kwa majirani kuombana msamaha, nikijifanya ni mazoea ya uzee. Mama wa mkaa alilia. Nikajua na yeye anajua.

Halafu nikamjaribu Bishar. Nikamwambia, "Nimechoka na sindano. Kama ni TB, nipeni vidonge niende Balambala kwa ngamia wangu. Nitakunywa maziwa, Mungu atafanya yaliyobaki."

Uso wake ukawa kama majivu. "Hooyo, zimalize tu."

"Kwa nini?"

"Daktari amesema."

"TB gani hii inayomtetemesha mwanaume mwenye ndevu?"

"Hooyo, nakuomba."

"Niambie kwa nini na nitakaa."

Akafungua mdomo. Nilimwona neno limemfika kwenye meno. Akalimeza. Nami nikaamua, sindano ya nne ndiyo mwisho. Kama ni kufa, nitafia kwenye harufu ya mifugo yangu, si kwenye chumba ambamo hata kifo changu kinazungumzwa Kizungu.

Siku ya sindano ya nne pepo zilikuwa zimechoka. Salala nako ukungu ulikuwa umeinuka, mlima umebaki wazi, bahari imetulia. Nilikaa kitini nikitazama kama mtu anayeaga. Hodan kando yangu, tunashika simu mkono huu na huu.

Bilan alikuwa kwenye birika, peke yake.

"Ndama yuko wapi?" nikasema.

"Labda amelala nyuma ya ule ukuta."

"Mtoto mchanga halali mbali na kiwele."

Bilan alikuwa anazunguka. Ananusa chini, anarudi palepale, anainua shingo, mdomo wazi. Kamera haina sauti lakini mimi nilimsikia.

Pikapu ikasimama. Akashuka mzee wa kilemba, amebeba kitu kwapani. Hodan akasema, "Amemletea. Ona, amempata."

"Tazama miguu."

Miguu ilikuwa inaning'inia kama mikono ya kanzu iliyoanikwa. Mzee akakiegemeza kwenye birika. Bilan akaja kwa haraka, akanusa kichwa, akalamba mgongo, akatulia. Mtu aliyekuja naye akasimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti, akaanza kukamua.

"Ayeeyo, sielewi."

"Ndama amekufa. Wamemchuna, wamejaza ngozi nyasi, wamepaka chumvi. Sisi tunaita maqaarsaar. Mama akinusa ngozi anaona mwanawe yupo, anaachia maziwa. Nimeshona nyingi mimi. Mikono yangu inajua ni nyasi kiasi gani hutengeneza mbavu."

"Masikini," akasema Hodan. "Wanamdanganya."

"Wanamdanganya."

Nikatoa waya sikio la kulia. Nikatoa la kushoto. Nikaziweka kwenye mapaja yake.

"Hodan. Ngozi yangu mimi, nani aliijaza?"

"Sijaelewa, ayeeyo."

"Umeelewa. Vidole vyako bado vina nyasi."

Akamtafuta Sista Mwende kwa macho. Sista akageuka akaenda kurekebisha dripu ya mtu ambayo haikuwa na kasoro. Mama Komora alikuwa amefumba macho, usingizi wa mtu anayesikiliza. Hodan akaanza kulia kimyakimya, kamasi na yote, kama alivyokuwa akilia utotoni.

"Ni sote," akasema. "Mjomba Bishar alisema tusikuambie, lakini sote tulikubali. Ni kansa, ayeeyo. Kansa ya tezi."

Neno lenyewe likapita. Nilikuwa nimekwisha kulikalia miezi, lilikuwa na joto langu.

"Haya," nikasema. "Nimebakiza kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha kuishi. Daktari ametaja lini?"

Hodan akaacha kulia. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanza kuongea Kizungu. "Hakuna aliyesema unakufa, ayeeyo. Tangu siku ya kwanza daktari alisema hii ni katika zile zinazosikia dawa. Ukimaliza sindano zote, una nafasi nzuri ya kupona. Kila tukija anarudia hayohayo. Uvimbe wenyewe umeshanywea, hujajishika?"

Nikajishika. Tende zilikuwa zimerudi kuwa kokwa. Mimi nilikuwa nimedhani ni nyama inaniisha, hata ya ugonjwa.

"Na hilo la kupona," nikasema, "kwa nini mlilificha?"

Akajifuta pua na ushungi. "Tungekuambia unapona nini, ayeeyo?"

Walikuwa wamechimba shimo moja la kufukia habari mbaya, na habari njema ilikuwa imefungwa nayo kwa kamba ileile, ikaingia hai. Na mimi huku nje nimenunua sanda. Nimeomba msamaha hadi kwa mwanamke aliyeniibia jogoo.

Sista Mwende akaja, akakaa kwenye ukingo wa kiti changu, akanieleza yote kwa Kiswahili, polepole. Sindano mbili zilizobaki, na kwa nini nisiziache. Ilikuwa rahisi hivyo.

Bishar alipofika kutuchukua sikumwambia kitu hadi nyumbani. Nikaenda kwenye nguo za Idi, nikarudi, nikamwekea sanda magotini.

"Ni nini hii?"

"Ifungue."

Akaifungua kidogo, akaona, akakaa chini sakafuni palepale, mtu mzima, mchuuzi wa ngamia.

"Tuliogopa neno litakuua, hooyo."

"Neno halikuniua. Kimya chenu ndicho kilichonipeleka kwa muuza sanda. Nilikuwa naondoka kesho, Bishar. Ningekwenda Balambala nikafe na ugonjwa unaotibika, kwa sababu hakuna aliyeniambia unatibika."

Alitoa mkono, nikaushika, juu ya shuka, wote wakiona. Mke wake alileta mchuzi. Nikauonja nikasema hauna chumvi. Akasema chumvi ipo, ulimi wangu ndio mbovu. Nikamshukuru Mungu.

Sindano ya tano ilinilaza vibaya kuliko zote, midomo ikapasuka ndani, sikuweza hata uji. Ya sita ikaja na mvua za deyr, zile fupi. Mama Komora aliniletea ndizi na kusema hizi ni za kwenye njia ya ngamia, nile kwa haki. Ngamia wa Salala walikwisha kupanda mlimani, kamera ya birika ikabaki inaonyesha maji matupu. Nilimwona Bilan mara moja tu, juu kabisa, doa jeupe kwenye kijani, karibu na ukingo wa bahari. Kama alikuwa yeye. Pengine nilitaka awe yeye. Kisha nikapigwa picha kwenye ile mashine ya duara, na daktari akageuza kiti chake kutoka kwa Hodan, akanielekea mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba haoni kitu. Nikamwuliza, huoni kwa sababu hakipo, au kwa sababu umeambiwa usione? Akacheka. Nikamwuliza tena. Akasema, hakipo, mama, na utakuja kila baada ya miezi kadhaa tuhakikishe.

Sitasema wanangu hawakunipenda. Mtu hajazi nyasi ngozi ya mnyama asiyemhitaji. Na kwetu wachungaji hubishana, ngamia anajua au hajui? Mimi sasa naamini anajua, labda siku ya pili tu. Anaachia maziwa kwa sababu kiwele kinauma. Hata mimi niliichukua ile TB yao nikailamba, kwa sababu kukataa kuliuma zaidi. Lakini ngamia hana wasia wa kusema. Ngamia hana haja ya kujua kama amalize sindano au aache. Mimi ninayo. Wewe pia unayo. Basi uliza. Ukijibiwa kifupi, uliza tena. Ukiona wanakukubalia kila kitu, uliza kwa ukali.

Jilaal imerudi. Nywele zimeota, nyeupe na laini kama za mtoto, nimezitia hina. Wiki iliyopita nilikwenda kuangaliwa. Kwenye kile chumba palikuwa na mama mgeni, wa Sangailu, amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, waya masikioni, mjukuu wake ameshika simu mbele yake. Nikachungulia. Milima, yenye theluji. Hajui hata anatazama wapi. Anatazama midomo ya watu.

Nikavuta kiti nikakaa karibu. Midomo yake ilikuwa inafuata kisomo. Nikangoja amalize aya, maana hilo halikatizwi. Alipomaliza nikanyoosha mkono, nikamtoa waya wa sikio moja.

"Asalaam aleykum, dada," nikasema. "Mimi ilikuwa ya tezi. Wewe una ya wapi?"